Sindano za Mkonge Nilizoziita Uchafu

Anayewajibika kwa aya ya nne ya faili ya mwanafunzi aitwaye Nekesa ni mimi. Si mwalimu wake wa biolojia, si mwalimu mkuu wa wakati ule, wala si karani aliyeipiga chapa. Aya hiyo inasema kwamba Nekesa, akiwa kidato cha pili, alichora katika zoezi la maabara kitu ambacho hakikuwepo, na kwamba alipotakiwa kukifuta alikataa. Kichwa chake ni neno moja: Udanganyifu. Chini yake imewekwa sahihi ya fundi wa maabara aliyethibitisha hayo. Sahihi ni yangu, kalamu ilikuwa yangu, na aya si ya kweli. Nimeliweka jambo hili juu kabisa ili mtu asije akalikuta chini ya habari nyingine na kudai kwamba nililificha.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi katika maabara za shule zetu, kutoka Taveta hadi Miasenyi, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazini kwa kuwa sasa nimestaafu. Nimekubali. Habari za vyeo sitazigusa, kwa sababu barua za vyeo hufanana, na aliyesoma moja amezisoma zote. Nitaeleza kazi, vifaa na watu. Shule yenyewe sitaitaja; waliosoma hapo wataitambua, na wengine hawana haja nayo.

Nilizaliwa milimani, juu ya Wundanyi, ambako ukungu wa asubuhi huingia jikoni kama mtu wa nyumbani. Niliripoti Voi nikiwa nimevaa sweta. Aliyenipokea alikuwa Bi. Zuhura, fundi mkuu wa maabara, Mwislamu mwenyeji wa Taveta, aliyevaa koti jeupe juu ya buibui na kusema Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba walimu walipunguza maneno walipomkaribia. Alinitazama, akalitazama jua la nje, akaniambia, "Sweta hiyo itundike, mwanangu. Utaikuta Krismasi ukipanda kwenu."

Niliitundika nyuma ya mlango. Kwa wiki nzima hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya, kwani Bi. Zuhura hakuniruhusu kugusa hadubini. Nilishona vifuniko vya vitambaa, nilichemsha maji ya kuoshea vioo, nilibandika lebo kwenye chupa za iodini. Nilipolalamika kwamba nilisomea kazi hii chuoni, alijibu kwamba hilo amelisikia, na kwamba chupa ya pili lebo yake imekaa upande.

Hadubini tulikuwa nazo sita. Nne hazikutumia umeme. Zilikuwa na kioo kidogo chini cha kukusanya mwanga wa mchana, nasi tulizipanga kwenye madirisha ya upande wa kivuli. Mwanafunzi aliyekigeuza kioo kuelekea jua lenyewe aliondolewa kwenye kiti papo hapo, kwa sababu jua la Voi likipita ndani ya lenzi halina mzaha na jicho la mtu. Hadubini ya tatu, ambayo kila mtu aliiita Namba Tatu, ilikuwa na kasoro: bomba lake lilishuka lenyewe taratibu na kukivunja kioo cha slaidi. Bi. Zuhura aliifunga mpira wa kukatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo bora kuliko zote. Sikuwahi kuruhusu mtu autoe mpira huo ili kuweka kitu cha kisasa.

Adui yetu alikuwa vumbi. Waliofika Voi wanalijua: jekundu, laini kama unga, hupita chini ya mlango uliofungwa na ndani ya sanduku lililofunikwa. Ndiyo maana somo la kwanza nililofundishwa halikuhusu seli. Lilihusu uchafu. Ukiona kitu usichokitambua, Bi. Zuhura alisema, izungushe kwanza lenzi ya jicho. Kitu kikizunguka nayo, kiko kwenye lenzi hiyo. Kisipozunguka, isogeze slaidi. Kikihama nayo, kiko kwenye slaidi. Kisipohama, kiko kwenye lenzi ya chini. Kuna mafundi wengi huishia hapo. Yeye hakuishia hapo. "Kikihama na slaidi, bado hujamaliza," aliniambia. "Tengeneza slaidi ya pili, kwa maji mapya na wembe safi. Kikirudi tena, huyo si uchafu. Huyo ni mgeni. Mkaribishe, umuulize jina."

Alinifundisha pia kutazama nikiwa nimefumbua macho yote mawili. Anayefumba jicho moja huchoka baada ya dakika kumi na huanza kuona anachokitarajia. Nimewaambia haya maelfu ya wanafunzi, nao wakakubali kwa heshima, kisha wakafumba jicho.

Kila muhula ulipofunguliwa, Bi. Zuhura alirudi kutoka Taveta na chane ya ndizi mbichi na ndizi moja iliyoiva. Alichukua nyama ya ndizi mbichi kidogo kwenye ncha ya sindano ya maabara, akaipaka kwenye kioo, akadondosha iodini. Ndani ya kila seli chembe za wanga zilitokea zikiwa nyeusi zenye ubuluu, zimejaa kama maharagwe katika gunia. Kisha alifanya vivyo hivyo kwa ndizi iliyoiva, na magunia yakawa karibu matupu. Wanga ulikuwa umegeuka sukari. Wanafunzi waliokula ndizi tangu kunyonyeshwa walisukumana kwenye foleni ili watazame tena. Ndizi zilizobaki zililiwa, na ilikuwa mwiko kula ile iliyoguswa na iodini, ingawa kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyejaribu.

Somo la seli za shavu nalo lilikuwa na mambo yake. Mwanafunzi hukwangua ndani ya shavu lake kwa kijiti safi, hupaka kwenye kioo, huongeza rangi ya buluu, na hapo huona kitu kipana kisicho na ukuta, chenye kiini katikati, na hujua kwamba kitu hicho ni yeye. Kijana mmoja aitwaye Mwadime alikataa kuosha slaidi yake. Nilipomwambia ai­tumbukize kwenye karai la dawa kama wenzake, aliniuliza, "Hapo kwa karai na za watu wengine, Mwalimu? Si zitachanganyika?" Darasa lilimcheka hadi kengele. Mimi nilimpa dakika tano zaidi aagane nazo, na naamini nilifanya sawa.

Bi. Zuhura alipostaafu alirudi Taveta, na huko ndiko alikozikwa. Aliniachia funguo, daftari la vifaa lisilo na mstari hata mmoja uliofutwa, na agizo la kutoruhusu walimu kuweka chai juu ya meza za maabara. Nililitekeleza agizo hilo kwa ukali uliozidi wake.

Sasa nafika kwenye mkonge.

Kwa seli za mimea shule zote hutumia ngozi ya kitunguu, kwa sababu huvuliwa kirahisi na seli zake zimepangwa kama matofali. Katika mwaka wangu wa kumi na tatu, juma la zoezi lenyewe, vitunguu vya jikoni vilikuwa vimeoza kwa joto na gari la mboga halikufika. Mwalimu wa biolojia, Bw. Mwanjala, mtu mwema na mwepesi wa kukasirika, alitaka kuahirisha. Mimi ndimi niliyependekeza mkonge uliopandwa kwenye ua wa shule. Nilijiona mwerevu. Mkonge ulitapakaa kila mahali tuliposimama na haukuhitaji gari.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Mimi ni mtu wa milimani. Mkonge niliujua kwa kamba na magunia tu. Bw. Mwanjala alitoka mjini. Katika darasa lile aliyeujua mkonge ukiwa hai alikuwa Nekesa peke yake. Babake, Mzee Barasa, alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya kukata mkonge, na mtoto alikulia katika kambi ya shamba, akipeleka chai kwenye mistari ya mimea. Wengine walikwangua ngozi ya jani kwa woga. Yeye alikata kwa wembe mahali pa chini karibu na shina, akatoa kipande chembamba chenye ngozi na nyama ya chini yake, akakiweka chini ya Namba Tatu.

Wanafunzi arobaini walichora seli ya kitunguu, safi kabisa, kama ilivyo kitabuni, huku wakitazama mkonge. Wote walipata alama. Nekesa alichora ukuta wa seli, akachora kiini, kisha ndani ya seli moja akachora fungu la vijiti vyembamba vyenye ncha mbili kali, vimelala pamoja. Pembeni aliandika: sindano.

Bw. Mwanjala alimwuliza kama hiyo ni seli au ni mkoba wa fundi cherehani. Darasa lilicheka. Nekesa hakucheka. Alisema sindano ziko ndani, na kwamba ndizo zinazowawasha watu wanaokata mkonge. Mwalimu alimwonyesha kitabu, ambacho hakikuwa na sindano. Kisha akaniita niamue.

Niliinama kwenye Namba Tatu. Niliviona vijiti. Nilizungusha lenzi ya jicho, havikuzunguka. Nilisogeza slaidi, vilihama nayo. Hapo nikainuka na kusema, "Ni uchafu."

Slaidi ya pili sikuitengeneza. Kengele ilikuwa karibu, mwalimu alikuwa akingoja, na katika Voi uchafu ndio mshukiwa wa kwanza wa kila kosa. Hizo ni sababu. Sizitoi kama utetezi.

Bw. Mwanjala alimwagiza afute. Nekesa aliweka raba mezani na kusema, kwa sauti ya chini ambayo bado ninaisikia, "Nikifuta, Mwalimu, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya."

Hilo lilihesabiwa ukaidi juu ya udanganyifu. Alikuwa mmoja wa wawili waliochaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya sayansi. Nafasi yake akapewa mwingine. Aya ya nne iliandikwa, nami nikaisaini. Siku mbili baadaye Mzee Barasa alikuja shuleni akiwa na nguo za kazi na jani la mkonge chini ya kwapa. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa maabara akaniambia, "Nyoosha mkono, Mwalimu, nikupake kidogo tu. Usipojikuna kabla ya kengele, nitamwambia huyu mtoto afute." Nilimjibu kwamba maabara si mahali pa mambo kama hayo, na nikafunga kifungo cha juu cha koti langu. Aliliweka jani kwenye kizingiti akaenda zake. Nililiagiza litupwe.

Nekesa alimaliza shule. Aya ilibaki.

Miaka kadhaa ilipita kabla ya siku ya usafi ambapo shule nzima ilipogoa ua wa mkonge. Niliamua kuonyesha mfano, nikakunja mikono ya shati na kushika panga. Kabla ya chakula cha mchana mikono yangu ilikuwa imevimba vipele vyekundu kutoka kifundo hadi kiwiko, nami nikijikuna mbele ya wanafunzi waliofurahi kupita kiasi. Mmoja alinishauri nipake vumbi, kwa kuwa ndilo dawa yetu ya kila kitu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukumbuka lile jani kwenye kizingiti. Niliingia maabara, nikakamua tone la maji ya mkonge kwenye kioo, nikalifunika.

Sindano zilikuwepo. Nyingi, nyembamba, zenye ncha mbili, nyingine zimefungamana kama njiti katika kiberiti na nyingine zikielea peke yake. Nikaosha kila kitu, nikachukua wembe mpya na maji mapya, nikatengeneza slaidi ya pili. Zilirudi. Ya tatu, zilirudi. Nikakata kipande cha nyama ya jani jinsi Nekesa alivyokata, na nikaziona zikiwa ndani ya seli, zimelala katika fungu, kama alivyochora. Katika kitabu kikubwa cha mimea ambacho hakuna aliyewahi kukiazima nilikuta jina lake: fuwele za kalsiamu oksaleti, ambazo mmea hujitengenezea ndani ya baadhi ya seli zake, nazo huchoma ngozi ya anayeukata.

Niliandika barua kwa uongozi wa wakati huo nikiomba aya ifutwe. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba faili iliyofungwa haifunguliwi kwa sababu ya maji ya mkonge, na kwamba mwanafunzi hayupo tena. Nilihifadhi nakala ya barua, nikanyamaza. Huo unyamavu ni kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mara hii nilikuwa nimeona. Nilichofanya ni kuingiza mkonge katika zoezi la kila mwaka. Nilifundisha kidato baada ya kidato kuziona sindano, na nikawaambia kwamba ziligunduliwa katika maabara hii na mwanafunzi wa kidato cha pili. Walipenda sana habari hiyo. Yaliyompata mgunduzi sikuwaambia.

Mwaka huu, nilipokuwa nikikabidhi funguo, nafasi yangu ilitangazwa. Jopo la usaili liliniomba niwape waombaji zoezi la mikono, nami nikawaandalia kitunguu, iodini na Namba Tatu. Mwombaji wa tatu alikuwa mwanamke mtulivu, aliyekuwa amejisomesha ufundi wa maabara akiwa mtu mzima na kufanya kazi katika zahanati. Aliukagua mpira wa tyubu kabla ya kuigusa hadubini. Alivua ngozi ya kitunguu, akakishusha kifuniko cha kioo kwa mshazari kusiingie hata kiputo kimoja cha hewa, akatazama macho yote mawili yakiwa wazi. Alipoinua uso nikamtambua. Alikuwa Nekesa. Niliandika kwamba amewapita wote, na ningeandika hivyo hata kama nisingemjua.

Kisha faili ya zamani ikatolewa, na aya ya nne ikasomwa. Nilisimama nikasema kwamba si ya kweli na kwamba mwenye kosa ni mimi. Mwenyekiti wa jopo aliigeuza karatasi inielekee, akaweka kidole chini.

"Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi tuamini ya leo ama ya siku ile?"

Swali lilikuwa la haki. Jopo liliahirisha uamuzi. Niliambiwa kwamba mtu mwenye neno hilo katika faili hawezi kukabidhiwa maabara, na kwamba neno likibaki hadi watakapoketi tena, nafasi itapewa mwombaji anayemfuata.

Nilimkuta Nekesa kwenye veranda akikunja vyeti vyake ndani ya bahasha. Nilianza kumwomba radhi, kwa maneno mengi mno. Alinisikiliza kama mtu anayengoja maji yachemke, akaniambia babake bado yuko kambini, na bado anauliza kama yule mwalimu wa koti amewahi kujikuna. Nikamwambia amwambie ndiyo. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Radhi nilishakupa kitambo, Mwalimu," alisema. "Mimi sitaki uniombe. Nataka uandike."

Ndiyo maana kumbukumbu hizi nimezifikisha pia kwa bodi ya shule, na kwa bodi hiyo nasema yafuatayo rasmi. Nadai aya ya nne ikatwe kwa mstari mmoja, bila kuchanwa ukurasa na bila kufichwa neno, ili atakayeisoma aone kilichoandikwa na aone kwamba kilikuwa kosa. Nadai kando yake liandikwe jina langu kamili kama aliyethibitisha uongo kwa kutofanya kazi yake, na jina la kila kiongozi aliyeipokea barua yangu ya masahihisho bila kuijibu kwa maandishi. Nadai nakala ipelekwe kwa Nekesa na kwa Mzee Barasa. Nadai niitwe mbele ya bodi kujibu, kabla ya jopo kuketi tena, na katika kikao hicho jani la mkonge liwekwe mezani pamoja na hadubini, na kila mjumbe atazame slaidi mbili, si moja, kabla ya kunyoosha mkono kupiga kura. Anayeona kwamba aya ibaki, aandike hivyo kwa mkono wake, aeleze alichokiona, na aweke jina na sahihi. Neno "uongozi" sitalipokea kama sahihi ya mtu.